Baraza la zege la nakshi limeharibika: uanze kuangalia wapi?

Mvua za kwanza zikishanyesha Dodoma, mwishoni mwa Novemba au Desemba, simu za mafundi wa zege la nakshi huanza kuita. Baraza lililong'aa tangu Juni limeingia weupe, au njia ya kwenda getini imepasuka, au rangi inabanduka ukikanyaga. Mwenye nyumba anailaumu mvua, na fundi naye anakubali haraka, kwa kuwa mvua haiji kujitetea. Ukweli ni kwamba kasoro nyingi kati ya hizo ziliingia siku ya kumwaga zege, jua likiwaka na upepo wa kiangazi ukivuma. Maji yamekuja kuzifichua tu.

Zege la nakshi, kwa asiyelijua, ni lile linalopigwa chapa likiwa bado bichi ili lifanane na mawe, matofali au mbao. Ufundi huu ulianzia California miaka ya 1950, na maelekezo mengi yanayokuja na makopo ya rangi na vanishi bado yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi: barafu, theluji, chumvi ya kuyeyushia theluji. Kurasa hizo ziruke. Sisi tunapata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, lakini karibu yote inashuka ndani ya miezi mitano, tena kwa vishindo. Baada ya hapo ni ukavu na upepo hadi mwaka unakaribia kwisha. Fundi aliyejifunzia kazi Bukoba, ambako mvua ya mwaka ni zaidi ya mara tatu ya yetu, anajua kuwahi mvua. Akija huku inabidi ajifunze kuwahi upepo.

Uliza kwanza: ilianza kuonekana lini?

Kabla ya kuinama kuangalia, muulize mwenye nyumba kasoro ilionekana lini. Jibu lake linafuta nusu ya maswali. Iliyoonekana siku ile ile ya kumwaga inatokana na upepo, jua au kuchelewa kupiga chapa. Ya wiki ya kwanza inatokana na kukosa unyevu au kutokata mikato, ile mistari inayokatwa kwenye zege ili lipasukie hapo. Ikijitokeza siku chache baada ya kupaka vanishi, mshuku vanishi na aliyeipaka. Iliyosubiri mvua ya kwanza inahusu mteremko, udongo wa chini, au uso uliokuwa dhaifu tangu mwanzo. Ya mwaka wa pili na kuendelea ni udongo, mizizi na kuchakaa kwa kawaida.

Vifaa vya uchunguzi ni vya kawaida: kipande cha nondo au nyundo ndogo, chupa ya maji, kitambaa cheupe, thina kidogo, msumari, na pima maji ndefu. Gonga uso wote kwa nondo. Pale sauti inapokuwa nzito, zege limeshikana. Ikisikika tupu, tabaka la juu limeachana na la chini, na hapo hakuna vanishi itakayosaidia.

Nyufa zimetokea hata kabla chapa haijamalizika

Hii ndiyo kasoro ya Dodoma hasa, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kuna aina mbili, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni nyufa zinazokaa sambamba, kila moja ina urefu wa shubiri moja hadi hatua moja, na mara nyingi zimeukingama upepo. Zinatokea pale maji ya juu ya zege yanapokauka kwa kasi kuliko yanavyopanda kutoka chini. Ngozi ya juu inasinyaa huku zege la ndani likiwa halijasinyaa, ngozi inachanika. Vitabu vya zege vinatoa tahadhari ukaukaji unapokaribia kilo moja ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa. Mchana wa Septemba au Oktoba, hewa kavu na upepo umekaza, Dodoma inafika huko bila taabu.

Aina ya pili inafanana na ya kwanza kwa mbali, lakini ukiinama utaona tofauti. Nyufa ni fupi, zimepindapinda, nazo zimekaa kwenye kingo za alama za chapa, pale mstari wa jiwe unapozama. Bonyeza kidole pembeni yake likiwa bado bichi: juu pamekuwa pagumu, chini panacheza. Jua limeoka ngozi wakati tumbo la zege bado ni uji. Mkeka wa chapa, ule wa mpira wenye sura ya mawe, ukikanyagwa, ngozi haikubali kujikunja, inapasuka. Fundi anaona juu pamekauka, anaamini muda umefika, anapanda. Nyufa hizi kwa kawaida hazina kina na hazidhoofishi jamvi, yaani bamba zima la zege, ila zinaharibu sura, na vanishi inazifanya zionekane zaidi.

Kuzikinga zote mbili kunaanza kabla ya simenti kufunguliwa. Lowesha kifusi cha chini jioni ya siku iliyotangulia, na tena asubuhi, kiwe na unyevu bila madimbwi. Anza kumwaga saa 12 alfajiri, chapa zikamilike kabla upepo haujakaza. Weka kizuizi cha turubai au mabati upande unakotoka upepo. Kwetu kiangazi unatoka zaidi mashariki na kusini mashariki. Kimo cha mita moja na nusu kinatosha kwa baraza la kawaida. Kama kuna namna ya kuweka kivuli, weka. Halafu uwe na bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, jipya au lililooshwa vizuri sana, upulize ukungu hewani juu ya zege. Ukungu utue wenyewe. Maji yakianza kukusanyika juu, simama, na usiyasugulie ndani kwa mwiko hata kidogo. Yatageuka kasoro nyingine tutakayoifikia.

Ukikuta nyufa za aina ya kwanza zege likiwa bado linakubali, zifunge kwa kugonga kwa mwiko wa mbao, kisha endelea na chapa. Likishakaza, iache kazi ikauke, halafu zijazwe kwa mchanganyiko mwembamba wa simenti, rangi ile ile na gundi ya zege kabla ya vanishi. Nyufa za kwenye kingo za chapa, kama kitambaa chenye unyevu hakinasi, ziache. Mteja akisimama wima hazioni.

Chapa zimezama upande mmoja, upande mwingine zimegusa tu

Pima muda wa kupiga chapa kwa kidole gumba. Bonyeza kwa nguvu ya wastani: kikiacha alama ya kina cha nusu sentimita hivi, na kikatoka bila uji wa simenti kukung'ang'ania, panda. Kikizama hadi kucha, subiri. Kikiacha alama ya ngozi tu, umechelewa. Fanya kipimo hiki sehemu tatu au nne tofauti, hasa palipo na kivuli cha mwarobaini na palipo na jua, maana baraza moja linaweza kuwa na saa mbili tofauti.

Chapa zisipolingana, sababu ya kawaida ni kwamba eneo lilikuwa kubwa kuliko watu waliokuwepo. Kwa zege la kuchanganywa kwa koleo, karai la kwanza na la mwisho vimepishana sana, na upande ulioanza unakuwa umekaza kabla wa mwisho haujapigwa rula. Gawa kazi. Mwaga kipande kinachoishia kwenye mkato, kipige chapa, kesho uendelee na kingine. Ukitumia simenti ya daraja la nguvu la 42.5 badala ya 32.5, jua kwamba mara nyingi inakupa muda mfupi zaidi, hivyo punguza eneo au ongeza vijana.

Kokoto nazo zinachangia. Kokoto za robo tatu ya inchi zinafaa kwa chapa za kina kifupi, lakini chapa ya mawe makubwa yenye mifereji inataka za nusu inchi, vinginevyo jiwe linakaa chini ya mkeka na kuukatalia kushuka. Zege likishakauka, pasipoingia chapa panaweza kuchongwa mstari kwa grinda na patasi. Kazi hiyo ni ya kuchosha, lakini kwa mawe mawili matatu inalipa.

Uso unatoa vumbi au rangi inabanduka

Kwaruza kwa msumari. Ukitoka unga wa kijivu au wa rangi, au kipande chembamba kama ganda la yai, uso ni dhaifu. Hapa kuna visababishi vitatu, na mara nyingi vinakuja vyote pamoja.

Kwanza ni maji mengi kwenye mchanganyiko. Mfuko wa kilo 50 unahitaji maji yasiyozidi lita 25 hivi, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo yake. Saidia fundi anataka zege litembee, anaongeza ndoo ya pili, na hakuna anayemzuia kwa sababu kazi inakuwa nyepesi. Mchanga pia unabeba maji yake. Kilo 100 za mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 tayari zina lita 5, kwa hiyo msimu wa mvua, mchanga ukiwa umelowa, ndoo ya kwanza tu inaweza kutosha. Funika mchanga kwa turubai usiku. Maji yakizidi, pamoja na udhaifu, rangi nayo inapauka, ndiyo maana karai moja linatoka jekundu na la pili la waridi japo rangi ilipimwa sawasawa. Na hiyo rangi ipimwe kwa mizani, siyo kwa kopo. Kilo moja hadi tatu kwa mfuko ni kiasi cha kawaida, kutegemea unavyotaka ikolee.

Pili ni haraka. Zege likishapigwa rula, maji yanapanda juu na kung'aa. Poda ya rangi ikirushwa wakati huo, au mwiko wa chuma ukipita, maji yale yanafungiwa chini ya ngozi. Ngozi inaonekana nzuri wiki mbili tatu, kisha inaachana na zege, na ukigonga inalia tupu. Subiri mng'ao upotee wenyewe. Poda ya kukazia rangi hutumika karibu kilo 3 kwa mita ya mraba: rusha theluthi mbili kwanza, iache inyonye unyevu wa zege mpaka ibadilike rangi, sugua kwa mwiko wa mbao, ndipo urushe theluthi iliyobaki.

Tatu ni niru. Tabia ya kurusha simenti kavu juu ya zege lililolowa na kulisugua mpaka ling'ae tumeirithi kwenye sakafu za ndani, na ndani inavumilika. Nje, kwenye jua linalopanua na usiku unaosinyaza, ngozi ile ya simenti tupu haiishi muda mrefu. Ukiona fundi anafungua mfuko wa simenti ili kukausha maji ya juu ya baraza la nakshi, msimamishe.

Tiba inategemea sauti ya nondo. Kama uso unatoa vumbi lakini haulii tupu, osha vizuri, uache ukauke kabisa, kisha paka dawa ya kukazia zege ya aina ya silikati mpaka uso uikatae, ndipo vanishi ifuate. Kama unalia tupu sehemu ndogo, kata eneo hilo hadi kwenye mistari ya chapa, chimbua mpaka zege zima, paka gundi, jaza, piga chapa upya kwa kipande cha mkeka. Ikilia tupu sehemu kubwa, soma aya ya mwisho kabisa.

Weupe

Weupe unaweza kuwa vitu vitatu tofauti, na kosa la kawaida ni kuutibu wote kwa asidi. Fanya hivi kwanza. Chukua kitambaa cheupe, kitie thina, sugua doa ukubwa wa kiganja. Ukungu ukipotea na usirudi hata thina ikishakauka, basi weupe ulikuwa ndani ya vanishi: unyevu ulifungiwa chini, au vanishi ilipakwa nene mno. Doa lisipobadilika, chukua brashi kavu. Likitoka unga, ni chumvi na chokaa iliyopanda na maji kutoka ndani ya zege. Na kama weupe ni pete zilizozunguka vyungu vya maua au mahali ambapo mpira wa maji hulala, hayo ni maji ya kisima. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Yakikauka yanaacha alama, kama anavyojua kila mwenye birika la chai.

Weupe wa vanishi ndio unaoongoza mwanzoni mwa mvua. Baraza lilimwagwa mwishoni mwa Novemba, mteja ana sherehe ya Desemba, vanishi inapakwa siku ya kumi badala ya kusubiri siku 28. Kwenye makubaliano andika tarehe ya vanishi mapema, ili mteja apange sherehe kwa kuifuata. Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni chenye nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zizibwe kwa selotepu pana, ukiache siku nzima na usiku wake. Ukikibandua na kukuta matone au zege limekolea rangi, bado. Msimu wa mvua subiri siku kavu mbili tatu mfululizo ndipo ufanye kipimo. Paka mikono miwili myembamba. Lita moja ienee karibu mita za mraba 5 hadi 7 kwa kila mkono. Nyingi kuliko hapo ni kutafuta shida kwa gharama ya mteja.

Kama imeshaingia weupe, usipake vanishi nyingine juu. Siku kavu, asubuhi, nyunyiza zailini (kiyeyushi cha vanishi, cha jamii ya thina) kwa uchache, pitisha rola mara moja au mbili: vanishi inalainika, inaachia unyevu, inatulia upya. Vaa kinyago cha kuzuia mvuke, na asiwepo wa kuwasha sigara wala jiko la mkaa karibu. Petroli isitumike, hata kama duka la thina limefungwa. Ikiwa vanishi ni ya asili ya maji, zailini haitaisaidia sana, hiyo huondolewa kwa dawa ya kubandulia na kuanza upya.

Chumvi inayopanda kutoka ndani iondolewe kwa brashi kavu kabla ya maji, kwa sababu maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani. Ikibaki, siki iliyozimuliwa au asidi ya haidrokloriki sehemu moja kwa sehemu 20 za maji. Mimina asidi kwenye maji, usimimine maji kwenye asidi. Lowesha zege kwanza, sugua, suuza mara kadhaa. Asidi kali inakula rangi pamoja na chumvi. Ikirudi kila baada ya mvua, tafuta maji yanakoingilia: bomba la gata linalomwaga pembeni ya jamvi, bustani iliyoinuka juu ya baraza, au kifusi kisichotoa maji.

Vipovu vidogo kwenye vanishi ni ndugu wa weupe, ila chanzo chake ni joto. Ukipaka saa saba mchana zege likiwa la moto, juu panakauka kabla mvuke wa ndani haujatoka. Tiba ni ile ile ya zailini na rola, na kinga ni kupaka asubuhi au jioni, kiganja kiweze kukaa juu ya zege bila kuungua.

Ufa mrefu unaokatisha baraza

Zege lolote hupasuka. Kazi yetu ni kulichagulia mahali. Kwa jamvi la sentimita 10, mikato iwe kila mita 2.5 hadi 3, kina chake sentimita 2.5, yaani robo ya unene. Ikatwe jioni ya siku ile ile au kabla ya jua la kesho yake kuwaka. Jaribu kipande kifupi: diski ikiinua kokoto, subiri kidogo, ikikata safi, endelea mpaka mwisho. Wenye baraza hawapendi mikato kwa kuwa inavunja nakshi, basi ifiche kwenye mistari ya chapa. Ufa ukipita sambamba na mkato, umbali wa shubiri moja, ujue mkato ulichelewa au haukufika kina.

Ufa unaoanzia kwenye kona ya nguzo au kona ya ndani ya ukuta unasema jamvi lilishikana na jengo. Nyumba na baraza havitembei pamoja. Weka kipande cha povu gumu, hata lile la kufungashia televisheni, unene wa sentimita moja, kuzunguka kila nguzo na kando ya ukuta wote.

Halafu kuna BRC, ule wavu wa chuma wa kuwekwa ndani ya zege. Watu huilaza chini juu ya kifusi na kusema wataivuta juu wakati wa kumwaga. Haivutwi, au ikivutwa inakanyagwa tena na mwenye toroli. Iwekwe juu ya vitofali vya zege tangu mwanzo, ikae katikati ya unene au juu kidogo. Na ieleweke kazi yake: haizuii ufa kutokea, inaushika usipanuke.

Ufa mpana ambao upande mmoja umeinuka kuliko mwingine ni habari ya udongo. Maeneo ya mabondeni yenye udongo mweusi wa mbuga, kiangazi ardhi inapasuka hadi mkono unaingia, mvua ikija inavimba. Jamvi la sentimita 10 halina ubavu wa kushindana na udongo huo. Nyufa hizo hufunguka na kufunga kwa misimu: piga picha Oktoba, piga nyingine Februari mahali pale pale huku rula imewekwa kando, utaona. Kuzijaza simenti ni kupoteza muda. Tumia mastiki inayovutika, yenye rangi inayokaribiana, kisha shughulika na maji. Kwa kazi mpya kwenye udongo huo, chimba utoe angalau sentimita 30, na zaidi pale udongo ulipo mzito, ujaze moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lilowe kiasi na kushindiliwa kwa kompakta. Gharama ya hatua hii ndiyo wateja wengi huikataa kwanza, na ndiyo pekee ambayo haiwezi kuongezwa baadaye.

Maji yanatuama au yanarudi ukutani

Mwaga ndoo moja, angalia. Chapa ya mawe ina mifereji inayoshika maji, hivyo mteremko wa sentimita moja kwa mita, unaotosha sakafu laini, hapa ni mdogo, weka mbili. Uso wa baraza uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15. Kidimbwi chembamba kinachokauka ndani ya saa chache kivumilie. Kinacholala hadi kesho yake kinahitaji mfereji: kata kwa grinda kufuata mstari wa chapa, ufikishe ukingoni. Gata nazo zifikishwe nje ya jamvi kwa bomba. Paa la mita za mraba 100 likipokea milimita 30 za mvua linashusha lita 3,000, na mvua kama hiyo hapa inaweza kushuka ndani ya saa moja.

Utelezi na madoa

Utelezi mara nyingi ni vanishi iliyoongezwa kila mwaka mpaka mifereji ya chapa ikajaa. Bandua vanishi yote kwa dawa, paka upya mkono mmoja uliochanganywa unga wa kuzuia kuteleza. Kuvu ya kijani si tatizo letu kubwa, isipokuwa upande wa kivuli karibu na tangi la maji.

Wenye mzabibu juu ya baraza, na Dodoma hao si wachache, wafagie zabibu zilizoanguka siku hiyo hiyo. Maji yake yanaingia kwenye zege lisilo na vanishi na hayatoki yote. Majani mabichi ya mti yakilala juu ya zege la wiki mbili yanaacha picha yake kamili, mishipa na kila kitu. Baadhi ya wateja wameipenda. Doa la kutu lililozunguka nukta moja ni waya wa kufungia nondo uliojitokeza: chimba, ukate, uzibe.

Mvua imekuta zege bichi

Uwe na nailoni tayari, juu ya fremu ya mbao isiyogusa zege. Nailoni ikilala juu ya zege inaacha mikunjo na mabaka ya rangi. Mvua ikishatua, tulia. Usisugue, usirushe simenti kavu. Buruta mpira laini wa maji juu ya uso uondoe maji taratibu, kisha subiri. Kama chapa haijapigwa na zege bado linakubali kidole, rusha poda ya kukazia rangi kidogo, sugua kwa mwiko wa mbao, endelea. Kama chapa zilishapigwa na mchanga umeanza kuonekana, iache mpaka kesho uangalie kwa macho makavu. Kuchunika kwa juu juu kunapona kwa rangi ya kupaka na vanishi. Kokoto zikiwa wazi, itabidi tabaka jembamba la kupigia chapa, lenye polima, milimita 6 hadi 10. Lipu ya kawaida ya simenti na mchanga kwa unene huo itabanduka.

Lini uvunje

Vunja pale zaidi ya theluthi moja ya kipande kilichopo kati ya mikato inalia tupu, au ufa umepishana kimo kiasi cha kumkwaza mtu. Vunja kipande kizima hadi kwenye mikato, usikate kiraka katikati. Mpe mteja taarifa mapema kwamba kipya hakitafanana na cha zamani mara moja. Kinachosaidia ni kupaka baraza lote vanishi yenye rangi kidogo baada ya ukarabati. Ndiyo maana siku ya kwanza unaandika vipimo vya mchanganyiko kwenye daftari, na unamwachia mwenye nyumba kilo mbili za rangi ya shehena ile ile, zimefungwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Shehena nyingine, hata ikiwa na jina na namba ile ile, mara nyingi inakuja imekolea tofauti.